Folda ya pamoja inachelewa kufunguka, ilhali kunakili faili kubwa ni haraka

Bi Karani

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Ninahudumu katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na ninaomba mwongozo kuhusu jambo ambalo limetusumbua tangu tulipobadilisha kompyuta kuu ya ofisi. Tuna kompyuta tisa zilizounganishwa kwa kebo kupitia swichi moja, na laptopu mbili zinazotumia Wi-Fi. Mojawapo ya hizo tisa tunaiita seva, ingawa kwa kweli ni kompyuta ya kawaida yenye Windows 11 Pro iliyoongezewa diski, na ndani yake mna folda ya pamoja inayohifadhi nyaraka zote za wateja: hati za shehena, ankara, matamko ya forodha na stakabadhi za bandari, nyingi zikiwa zimeskaniwa.

Mfanyakazi anapobofya folda hiyo asubuhi, dirisha hubaki tupu na kiduara huzunguka kwa muda wa sekunde 20 hivi kabla orodha haijatokea. Ikishatokea, huweza kuingia na kutoka katika folda za ndani bila shida, lakini akiiacha kompyuta akaenda kuswali au kula, akirudi husubiri tena vilevile. Kinachonishangaza ni kwamba kunakili hakuna tatizo lolote. Faili ya MB 300 huhamishwa kwa sekunde tatu au nne tu, sasa inakuwaje orodha ya majina peke yake ichukue muda mrefu kuliko faili yenyewe?

Nitaongeza mambo ambayo huenda yakawa na maana kwa wajuao. Intaneti ikikatika, hali huwa mbaya zaidi, hata folda hukaribia dakika nzima kabla ya kufunguka, nami sielewi folda iliyo chumba cha pili ina uhusiano gani na intaneti. Kompyuta ya mhasibu ni nzito kuliko nyingine zote, na hata kunakili kwake ni kwa taabu. Tena iko folda moja ya nyaraka zilizoskaniwa ambayo huchelewa hata pale ambapo nyingine zote zinafunguka vizuri.

Aliyetuuzia vifaa anatushauri tununue swichi mpya na tulipie intaneti yenye kasi kubwa zaidi. Mwingine ametuambia tuwashe kitu kiitwacho SMB1 na kila kitu kitakuwa sawa. Kabla sijampelekea mkubwa wangu makadirio ya gharama, ningependa kujua mahali pa kuanzia.

Fundi wa Tudor

Waalaykumu salaam, Bi Karani. Fedha zenu zihifadhini kwanza, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yameshaiondolea swichi lawama. Faili ya MB 300 ikihama kwa sekunde tatu au nne, maana yake mtandao unabeba kati ya MB 75 na MB 100 kwa kila sekunde, na mtandao wa gigabiti moja, ambao kinadharia hufikia MB 125 kwa sekunde, kwa matumizi ya kweli huishia kwenye MB 110 hivi. Hamjapungukiwa na chochote hapo. Na intaneti yenye kasi zaidi haitawasaidia kabisa, maana faili za folda hiyo hazitoki nje ya swichi yenu.

Kuchelewa kunakokusumbua ni kwa kungoja, si kwa kubeba. Kompyuta imetuma ombi mahali fulani na hakuna anayejibu, nayo kwa adabu yake inaendelea kupiga hodi katika nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Hizo sekunde 20 zenyewe ni dalili nzuri. Windows ikijaribu kuunganisha na anwani isiyojibu, hutuma ombi, husubiri, hutuma tena kwa kuurefusha muda wa kusubiri, na kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 21 hivi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba folda yake huchelewa kwa muda uleule kila mara, siangalii kasi ya mtandao hata kidogo; natafuta jina au anwani ya kifaa kisichokuwapo tena. Nawe umesema kwamba mlibadilisha kompyuta kuu.

Fanya hivi kesho asubuhi, kabla mtu yeyote hajaifungua folda kwenye kompyuta utakayoipima. Andika anwani ya IP ya seva katika upau wa anwani, ikitanguliwa na mistari miwili ya kinyume, kwa mfano \\192.168.1.10, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ikifunguka papo hapo, funga, washa upya kompyuta, halafu jaribu kwa jina la seva. Ni lazima uwashe upya, au usubiri vya kutosha, kwa kuwa muunganisho ukishapatikana Windows huuweka wazi kwa muda, na seva huukata ukikaa pasipo kazi kwa takriban dakika 15. Ndiyo sababu watu wenu wakitoka kuswali hukuta mchezo umeanza upya. Wengi hupima kwa anwani, kisha hapohapo wakapima kwa jina, wakaona vyote ni vya haraka na kuamua kwamba tatizo limejiondokea.

Baada ya hapo fungua dirisha la amri na uandike `net use`. Tafadhali lifungue kwa njia ya kawaida, si kama msimamizi, kwa maana diski za mtandao ni za kikao cha mtumiaji, na ukiingia kama msimamizi unaweza kuonyeshwa orodha tupu ukadhani mambo ni safi. Orodha hiyo itakuonyesha kila diski ya mtandao ambayo kompyuta inaikumbuka. Ukiona herufi yoyote inayoelekea kwenye jina la seva ya zamani, iondoe kwa `net use S: /delete`, ukiweka herufi inayohusika badala ya S. Usiishie hapo, kwa kuwa mabaki ya seva iliyoondoka hujificha kwingi: njia za mkato kwenye eneo-kazi, folda zilizobandikwa upande wa kushoto wa dirisha la faili, orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, na printa iliyokuwa ikishirikiwa kutoka kwenye seva ile. Dirisha la faili linapofunguka huchungulia vyote hivyo ili lichore ikoni zake, hata kama wewe ulibofya folda nyingine kabisa. Na kama huduma iitwayo WebClient inafanya kazi, Windows ikishindwa kwa njia ya kawaida hujaribu pia kuifikia folda ileile kwa njia ya wavuti, na jaribio hilo nalo lina subira yake.

Sasa kuhusu intaneti. Kompyuta haiwezi kuwasiliana na jina. Ni lazima kwanza ilitafutie anwani. Windows huangalia kumbukumbu yake, huuliza DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani, na vilevile huita ndani ya mtandao wa ofisi kuona kama yupo anayelitambua jina hilo. Ikiwa DNS iliyoandikwa katika kompyuta zenu ni ya nje, basi swali kuhusu jina la seva iliyo chumba cha pili linasafirishwa ng'ambo, kwa msajili ambaye hajawahi kulisikia. Intaneti ikiwa hai, jibu la kutolitambua hurudi upesi na hasara ni ndogo. Ikikatika, hakuna jibu linalorudi, na kompyuta hurudia swali mara kadhaa kabla ya kuridhika. Andika `ipconfig /all` na uniambie unaona nini kwenye mstari wa DNS.

Mwana wa Kisauni

Dada, mimi naona mnazunguka sana. Kwetu kompyuta zilikuwa hazionekani kabisa ukifungua orodha ya mtandao, na wakati mwingine orodha yenyewe ilichukua muda mrefu ikitafuta. Niliwasha SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana faili, katika vipengele vya Windows, nikawasha upya, na kompyuta zote zikaonekana. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama.

Mzee Nyaya

Mwanangu wa Kisauni, sikukatalii kwamba zilionekana, lakini ulichokirudisha ni orodha, wala si kasi. Orodha ile ya kizamani ilitungwa na huduma iliyotegemea SMB1, na tangu toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, SMB1 haiwekwi tena katika usakinishaji mpya. Ndipo watu wengi wakaona orodha ya mtandao imekuwa tupu na wakadhani mtandao umekufa. Siku hizi kazi ya kutangaza kuwapo kwa kompyuta hufanywa na huduma nyingine iitwayo Function Discovery Resource Publication. Ukiiwasha kwenye seva ijiendeshe yenyewe, na mtandao ukiwa umetambulishwa kwa Windows kuwa wa faragha, seva itaonekana bila SMB1. Mimi binafsi sioni haja ya orodha hiyo katika ofisi yenye seva moja. Iunganisheni folda kama diski ya mtandao yenye herufi yake, na wafanyakazi waingilie hapo moja kwa moja.

Kwa upande wa kasi, SMB1 ni mzigo. SMB2, iliyokuja na Windows Vista, ilipunguza amri kutoka zaidi ya mia moja hadi 19, na ikaruhusu maombi kadhaa kufungwa pamoja na kutumwa kwa safari moja. Anayeirudisha SMB1 akitafuta wepesi amekwenda kinyume. Na kwa upande wa usalama, kirusi cha WannaCry, kilichoenea Mei 2017 na kuzilazimu hospitali za Uingereza kuahirisha matibabu ya wagonjwa, kilipenya kupitia tundu la SMB1 ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea kiraka mwezi Machi mwaka huohuo. Ofisi inayoshika nyaraka za mali za watu haina sababu ya kuufungua mlango ule tena.

Niruhusu sasa niingie kwenye kompyuta ya mhasibu, kwa maana hiyo ni kesi nyingine na isichanganywe na ya Fundi. Penye kunakili kwa taabu, kwanza tazama waya. Fungua PowerShell uandike `Get-NetAdapter`, nawe utaona kasi ya kiungo. Kama nyingine zinaonyesha Gbps 1 na ya mhasibu inaonyesha Mbps 100, hapo pana jozi ya nyaya iliyokatika au isiyogusa. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za kebo. Mbps 100 hutosheka na jozi mbili, kwa hiyo kebo iliyoumia nusu huendelea kufanya kazi kwa unyonge na hakuna anayeishuku. Hata hivyo Mbps 100 peke yake, ambayo ni kama MB 11 au 12 kwa sekunde, isingeifanya folda ichelewe kufunguka. Kinachochelewesha ni paketi, yaani vipande vya data vinavyotumwa, kupotea, kwa kuwa kila paketi iliyopotea inasubiriwa kisha inatumwa upya. Andika `ping -n 100 -l 1400` ikifuatiwa na anwani ya seva. Kwa kebo nzima, kila jibu linapaswa kurudi chini ya milisekunde 1 na lisipotee hata moja.

Wakazi wa mji huu tuna adui wa ziada, nayo ni hewa ya chumvi. Nimeng'oa vichwa vya kebo katika ofisi zilizo karibu na bahari nikakuta miguso imeshika kutu ya kijani, hasa pale ambapo kebo inapita chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji. Kuna pia kebo za bei nafuu ambazo ndani si shaba bali ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi zikikunjwa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka ukwaruze waya kwa kisu na kuona weupe. Badilisha kebo yote kuanzia swichi hadi kompyuta, tena ubadilishe na tundu la swichi, kabla ya kuilaumu kompyuta.

Bi Karani

Nashukuru sana, Fundi, nawe Mzee. Nimerudi na majibu, na mengi yamekuwa kama mlivyosema.

Kwa anwani ya IP, folda ilifunguka papo hapo. Kwa jina, ilichelewa vilevile. Amri ya `net use` ilionyesha diski ya S ikielekea kwenye jina la seva ya zamani katika karibu kompyuta zote, na zaidi ya hapo tulikuta printa iliyokuwa imeunganishwa kwenye seva ile, ambayo ilikwisha kuondolewa ofisini lakini bado ilikuwa imeorodheshwa. Kwenye mstari wa DNS, kila kompyuta iliandikiwa kwa mkono 8.8.8.8, yaani DNS ya Google, peke yake. Tuliondoa diski, printa na njia za mkato za zamani, na muda wa kufunguka ukashuka hadi sekunde moja hivi. Kebo ya mhasibu nayo ilionyesha Mbps 100, na paketi zilikuwa zikipotea. Tumeibadilisha na sasa yuko sawa na wenzake.

Yaliyobaki ni mawili. La kwanza, tuifanyie nini hiyo DNS, kwa kuwa intaneti ikikatika bado kuna kuchelewa? La pili, ile folda ya nyaraka zilizoskaniwa haijabadilika. Ina faili zaidi ya 30,000 za JPG na PDF zote mahali pamoja, na kwa laptopu za Wi-Fi ndiyo haifunguki kabisa mpaka mtu aikatie tamaa. Jengo letu ni la zamani na kuta zake ni nene za mawe ya matumbawe.

Fundi wa Tudor

Kwa DNS, ondoa anwani iliyoandikwa kwa mkono na uziache kompyuta zipewe DNS na ruta. Ruta nyingi huyajua majina ya vifaa ilivyovigawia anwani, ingawa si zote. Pia ingia kwenye ruta na uihifadhie seva anwani moja isiyobadilika, ukitumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao, maana seva inayohamahama anwani itawarudisha hapahapa. Kisha, kwa ofisi ya kompyuta chache kama yenu, mimi ningeandika jina la seva moja kwa moja katika faili iitwayo hosts, iliyomo C:\Windows\System32\drivers\etc. Ni mstari mmoja: anwani, nafasi, jina. Notepad ni lazima ifunguliwe kama msimamizi, la sivyo haitakubali kuhifadhi. Baadhi ya mafundi huidharau njia hii kwa kuwa mstari ni lazima uandikwe kwenye kila kompyuta, nao wana haki wakiwa na kompyuta mia mbili. Ninyi hamnazo. Jina likiwa ndani ya faili hiyo, kompyuta haiulizi mtu yeyote, na intaneti inaweza kukatika itakavyo.

Kama bado asubuhi ya kwanza tu ndiyo huchelewa na baadaye mambo ni mazuri siku nzima, tazama mipangilio ya umeme ya seva. Diski ya kuzunguka huzimwa ikikaa bila kazi, mara nyingi baada ya dakika 20, na kuiamsha huchukua sekunde kadhaa. Seva isiruhusiwe kulala wala kuizima diski.

Folda ya nyaraka zilizoskaniwa namwachia Mwalimu, ambaye najua anaupitia uzi huu.

Mwalimu wa Likoni

Ahsante, Fundi. Bi Karani, hapa hakuna anayengojewa. Folda yako inafanya kazi nyingi mno, na nyingi kati ya hizo hamkuziomba.

Orodha ya majina 30,000 peke yake si kitu kwa mtandao wa kebo. Lakini Windows ikiona folda imejaa picha, huichukulia kuwa albamu ya picha. Hujaribu kutengeneza kijipicha cha kila faili, na huongeza safu kama vile tarehe ya kupigwa picha na vipimo vya picha, ambazo hazimo katika orodha ya majina. Ili izipate ni lazima ifungue kila faili kupitia mtandao na kusoma mwanzo wake. Mbaya kuliko yote ni mtu anapopanga folda kwa mojawapo ya safu hizo, kwa sababu haiwezekani kupanga kabla ya kusoma faili zote. Programu ya kuzuia virusi nayo, ikiona faili inafunguliwa, huikagua, na hivyo kila kijipicha hulipiwa mara mbili.

Hebu tupige hesabu ili uone kwa nini laptopu zinateseka. Tuchukulie faili 1,000 tu, na kila moja ihitaji safari tatu za kwenda na kurudi baina ya laptopu na seva. Kwa kebo ambayo safari moja ni nusu ya milisekunde, jumla ni sekunde 1.5. Kwa Wi-Fi iliyo nyuma ya ukuta wa matumbawe, ambako safari moja inaweza kufika milisekunde 10, jumla ni sekunde 30, kwa kazi ileile na faili zilezile. Hapa kasi ya Wi-Fi iliyoandikwa kwenye kisanduku cha ruta haina la kusema. Kinacholipwa ni idadi ya safari. Masafa ya GHz 5 ndiyo yanayoshindwa zaidi na kuta nene, ilhali ya GHz 2.4 hupenya vizuri zaidi lakini kwa kawaida huwa na msongamano. Kwa jengo lenu ningepitisha kebo moja hadi upande wa pili wa ukuta na kuweka kituo cha Wi-Fi huko, kuliko kununua vile vifaa vya kurudufu mawimbi ambavyo, visipokuwa na redio ya ziada, hutumia redio moja kupokea na kutuma, na hivyo kuupunguza upana wa njia kwa takriban nusu.

Kwa folda yenyewe, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, fungua sifa zake, na katika ukurasa wa kuibadilisha muonekano chagua iwe ya «General items» badala ya picha, ukiweka alama ili folda za ndani zifuate. Fanya hivyo kutoka kwenye kompyuta za wafanyakazi, si kwenye seva peke yake. Weka muonekano wa maelezo na ubakishe safu za jina, ukubwa na tarehe ya kubadilishwa. Hizo hupatikana bila kufungua faili. Katika chaguo za folda pia unaweza kuamuru Windows ionyeshe ikoni daima na isionyeshe vijipicha. Hilo litaondoa na usumbufu mwingine ambao bila shaka mmeshaukuta, wa folda kukataa kufutwa kwa madai kwamba inatumika, kumbe ni faili iliyofichwa ya Thumbs.db ambayo kompyuta fulani imeishikilia.

Kuhusu programu ya kuzuia virusi, isizimwe. Isitishe kwa dakika moja kwenye kompyuta moja ili upime tofauti, na ukiiona ni kubwa, iamuru isikague faili za mtandao kutoka kwenye kompyuta za wafanyakazi, ilimradi ile iliyo kwenye seva inaendelea kuzikagua zinapoingia.

Mwishowe zigawanyeni faili hizo. Nyaraka za forodha tayari zina mwaka na mwezi, basi kila mwaka uwe na folda yake, na kila mwezi ndani yake. Jambo hili lina upinzani ofisini, nakuonya mapema, kwa sababu watu wamezoea kutafuta kwa kutelezesha macho. Wafundisheni kutafuta kwa kuandika nambari ya shehena. Mkiiruhusu seva iweke faharasa ya diski hiyo, utafutaji utakuwa mwepesi kuliko macho ya mtu yeyote.

Mwana wa Kisauni

Mwalimu, je, hakuna kikomo cha watu wanaoweza kuitumia Windows ya kawaida kama seva? Nilisikia kwamba ikizidi idadi fulani inawafungia watu nje.

Mwalimu wa Likoni

Kipo. Windows 10 na Windows 11 huruhusu vifaa visivyozidi 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Bi Karani ana vifaa kumi na kimoja pamoja na mashine zake za kuchapa, hivyo hajakikaribia, lakini ofisi ikikua atahitaji seva halisi au kifaa cha kuhifadhia faili cha mtandao.

Bi Karani

Folda za mwaka na mwezi tumeanza, na upinzani umekuwapo kama ulivyotabiri, Mwalimu. Hata hivyo folda ya mwezi huu inafunguka mara moja, pamoja na kwenye laptopu iliyo karibu na ruta. Tumeandika jina la seva katika faili ya hosts, tukang'oa waya wa intaneti kwa makusudi, na folda ikafunguka kama kawaida.

Mzee Nyaya, nina swali moja linalotokana na uliyoyasema kuhusu SMB1. Mashine yetu kubwa ya kunakili na kuskani ilikuwa ikituma nyaraka moja kwa moja kwenye folda ya seva ya zamani. Kwa seva mpya inakataa, na sasa watu wanaskani kwenye flashi na kuzibeba kwa mkono. Aliyetushauri kuwasha SMB1 alikuwa na mashine hiyo akilini.

Mzee Nyaya

Sasa nimemwelewa, lakini jibu langu ni lilelile, usiiwashe. Anza kwa kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa mashine hiyo kupitia kivinjari, kwa kuandika anwani yake ya IP, uangalie kama mtengenezaji ametoa toleo jipya la programu yake ya ndani. Mashine nyingi zilizouzwa zikijua SMB1 tu ziliongezewa SMB2 baadaye kwa njia hiyo. Kagua vilevile kama akaunti inayotumiwa na skana ina nywila, kwa kuwa Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haiikubalii akaunti ya kompyuta isiyo na nywila kuingia kupitia mtandao. Na kama seva yenu ina toleo la 24H2 la Windows 11, lenyewe hudai kila muunganisho wa SMB utiwe saini, na skana isiyojua kutia saini hukataliwa hata ikiwa inaijua SMB2.

Ikishindikana yote hayo, tumieni FTP, njia ya zamani ya kutuma faili kupitia mtandao, ambayo karibu kila mashine ya aina hiyo inaijua. Windows 11 Pro ina seva ya FTP miongoni mwa vipengele vya IIS, seva ya wavuti ya Windows, ni kuiwasha tu. FTP husafirisha nywila bila kuificha, basi itengenezee skana akaunti yake peke yake, yenye ruhusa ya kuandika katika folda moja ya kupokelea na si kwingineko, na nywila yake isifanane na ya mtu yeyote ofisini. Karani wa zamu atazihamisha kutoka hapo kwenda kwenye folda ya mwezi. Mlango wa 21, ambao FTP huutumia, usifunguliwe kwenye ruta kuelekea nje; skana na seva ziko upande mmoja wa ruta, na hazihitaji.